Dunlop: Daktari wa mifugo aliyethibitisha kuwa gurudumu laini ndilo lenye mbio

MNAMO Oktoba 1887, daktari wa mifugo mwenye umri wa miaka 47 alisimama katika ua mmoja mjini Belfast na kuviringisha magurudumu mawili ili aone lipi litafika mbali.

La kwanza lilikuwa la chuma, lililofunguliwa kutoka kwa baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. La pili lilikuwa duara la ubao lililozungushiwa mpira mwembamba, ukajazwa upepo na kufunikwa kwa kitambaa.

Gurudumu la chuma lilikwenda kidogo, likaishiwa nguvu na kusimama. Lile la upepo liliuvuka ua wote, likagonga nguzo ya lango na kuruka nyuma.

Daktari huyo alikuwa John Boyd Dunlop. Jaribio lake lilikuwa la muda mfupi, lakini liliitia dosari imani iliyokuwa imeshikwa na mafundi kwa vizazi vingi, kwamba gurudumu gumu ndilo liendalo kasi na lililo laini hukawia.

Zaidi ya karne moja baadaye, imani hiyo haijafa. Wapo waendeshaji baiskeli ambao, wanapojiandaa kwa safari ya barabara kavu ya changarawe, huchagua tairi jembamba na kulijaza upepo hadi liwe gumu kama jiwe, wakitumaini kufika mapema.

Anayetaka kuona kosa la imani hiyo hana haja ya kwenda Belfast. Ardhi ya Banissa, katika Kaunti ya Mandera, yatosha kuwa mwalimu.

Banissa, iliyo karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia na iliyopata mbunge wake wa kwanza katika uchaguzi wa Machi 2013, ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Njia zinazoelekea Guba, Derkhale na Malkamari zinajulikana kwa vumbi, changarawe, mawe na miiba ya migunga.

Wafugaji wa huko wanamjua mnyama aliyeumbiwa ardhi ya namna hiyo. Unyayo wa ngamia ni mpana na laini, nao hutanuka kila anapokanyaga, hivyo uzito wake husambaa na mguu hauzami. Kwato ya punda, iliyo ndogo na ngumu, huchimba mchanga na kujigonga kwenye mawe.

Dunlop hakuishi katika nchi ya ngamia. Hata hivyo, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatibu farasi, wanyama ambao thamani yao ilitegemea jinsi miguu yao ilivyokutana na barabara.

Alizaliwa Februari 5, 1840 katika kijiji cha Dreghorn, eneo la Ayrshire nchini Uskoti, katika familia ya wakulima. Alisomea uganga wa mifugo mjini Edinburgh, akafanya kazi huko kwa muda, kisha mwaka 1867 akavuka bahari kwenda Ayalandi, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza.

Yeye na nduguye James walifungua kituo cha kutibu mifugo katika mji wa Downpatrick. Baadaye alihamia Belfast, na kufikia miaka ya 1880 shughuli yake ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi za aina hiyo katika kisiwa kizima. Alikuwa mtu mwenye riziki ya kutosha na jina la heshima.

Hakuwa mhandisi wala mwanamichezo. Tangu utotoni aliamini kwamba afya yake ilikuwa dhaifu, na kwa sababu hiyo alijiepusha na mambo ya kuuchosha mwili. Mtu kama huyo hakutarajiwa kubadilisha mchezo wa mbio wala biashara ya usafiri.

Baiskeli za enzi hizo zilikuwa adhabu. Matairi yalikuwa ya chuma au ya ukanda wa mpira mgumu, na barabara nyingi za miji zilikuwa za mawe yaliyopangwa. Baiskeli moja ya miaka ya 1860 ilibandikwa na Waingereza jina la kitikisa mifupa.

Kabla ya Dunlop, dawa iliyojulikana ilikuwa kulifanya gurudumu liwe kubwa. Gurudumu kubwa huvuka shimo na jiwe kwa urahisi kuliko dogo, na ndiyo sababu baiskeli za mbio za miaka ya 1870 zilikuwa na gurudumu la mbele lenye kimo cha kifua cha mtu mzima. Aliyeanguka kutoka juu yake aliumia vibaya.

Mwaka 1885, Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha la nyuma. Ilikuwa salama zaidi, lakini kwa kuwa magurudumu yake yalikuwa madogo, mtikisiko ulimrudia mwendeshaji kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo wazo la Dunlop lilipopata nafasi yake. Alitumia vifaa vya kawaida: mpira, kitambaa, gundi, ubao na pampu ya kujazia mipira ya kandanda.

Baada ya jaribio la uani, aliyavisha matairi ya upepo magurudumu mawili ya nyuma ya baiskeli ya mwanawe. Baiskeli hiyo nayo ilikwenda vyema kuliko awali. Akaendelea na majaribio katika magurudumu makubwa zaidi, na Desemba 7, 1888 akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuutumia uvumbuzi wake.

Siri ya tairi lake inaeleweka vizuri zaidi leo kuliko ilivyoeleweka wakati huo. Gurudumu linapoviringika hupoteza nguvu kwa njia mbili kuu.

Njia ya kwanza imo ndani ya tairi lenyewe. Kila sehemu ya tairi inapogusa ardhi hukunjwa, na inapoondoka hunyooka. Katika kukunjwa na kunyooka huko, nguvu kidogo hupotea kama joto. Tairi nene na zito hupoteza nyingi. Lile lenye mwili mwembamba na mwepesi wa kukunjika hupoteza chache.

Njia ya pili ni mtikisiko. Gurudumu gumu linapokutana na jiwe haliwezi kulimeza. Hulazimika kulipanda, na kumwinua mwendeshaji pamoja na mzigo wake wote. Nguvu iliyokusudiwa kumsukuma mbele hutumika kumrusha juu, kisha huishia katika misuli na viungo vyake.

Katika barabara laini ya lami, hasara ya kwanza ndiyo kubwa, na upepo mwingi husaidia hadi kiwango fulani. Katika barabara ya changarawe, hasara ya pili huwa nzito kuliko ya kwanza. Tairi la upepo hubonyea kidogo, likalikumbatia jiwe na kuendelea, huku baiskeli ikibaki karibu pale pale ilipokuwa.

Jambo hilo lilihitaji kushuhudiwa hadharani ndipo liaminiwe. Nafasi ilipatikana Mei 18, 1889, katika mashindano yaliyofanyika katika uwanja wa Queen's College mjini Belfast.

Willie Hume, nahodha wa klabu moja ya waendeshaji baiskeli mjini humo, alijitokeza akiwa na matairi manene ya Dunlop. Watazamaji walicheka. Matairi hayo yalionekana mapana na yasiyofaa kwa mbio, na washindani wake walikuwa na matairi membamba na magumu waliyoyazoea.

Hume hakuhesabiwa kuwa bingwa wa kutisha. Hata hivyo, siku hiyo alishinda mbio zote nne alizoshiriki. Muda mfupi baadaye alikwenda Liverpool nchini Uingereza na kuibuka mshindi tena katika karibu mbio zote.

Miongoni mwa walioshindwa Belfast walikuwa wana wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin na mkuu wa chama cha waendeshaji baiskeli wa Ayalandi. Du Cros hakupoteza muda kulalamika. Aliitafuta hataza ya Dunlop, na kufikia mwisho wa 1889 kampuni ya kutengeneza matairi hayo ilikuwa imeundwa mjini Dublin.

Dunlop aliikabidhi kampuni hiyo hataza yake kwa fedha kidogo na sehemu ndogo ya hisa. Kwa mtu aliyekuwa na kazi yake na umri wa takriban miaka 50, mapatano hayo huenda hayakuonekana mabaya. Muda ulionyesha kwamba aliuza mali asiyoijua kimo.

Kisha likatokea pigo. Mwaka 1890 ilibainika kwamba wazo la tairi la upepo lilikuwa limesajiliwa zamani. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alipata hataza nchini Uingereza mwaka 1845, Ufaransa mwaka 1846 na Marekani mwaka 1847.

Thomson alikuwa ametengeneza matairi kwa ajili ya magari ya farasi, na yalifanya kazi. Lakini yalikuja mapema mno: mpira mzuri ulikuwa adimu na ghali, na baiskeli za kuyahitaji hazikuwapo. Thomson alifariki mwaka 1873 huku wazo lake likiwa limesahauliwa.

Hakuna ushahidi kwamba Dunlop aliiba. Alifika mahali ambapo mwingine alikwisha kufika, ila yeye alifika saa ambayo dunia ilikuwa imesimama mlangoni ikisubiri. Hata hivyo, kisheria hataza yake haikuwa na nguvu tena.

Kampuni iliokolewa na hataza nyingine. Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa na kasoro kubwa: lilibandikwa na kufungwa kwenye rimu, hivyo kuziba pancha ilikuwa kazi ya kuchosha. Mwaka 1890, Charles Kingston Welch na William Erskine Bartlett walisajili, kila mmoja kivyake, njia za kulifanya tairi livulike na kurudishwa. Du Cros alizinunua hataza zote mbili.

Huko Ufaransa, ndugu wa familia ya Michelin nao walitoa tairi lao la kuvulika. Mwaka 1891, Charles Terront alilitumia kushinda mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, umbali wa takriban kilomita 1,200. Tangu hapo hapakuwa na ubishi tena kuhusu tairi la upepo.

Dunlop alihamia Dublin, lakini hakudumu katika uongozi wa kampuni. Alijiuzulu mwaka 1895. Mwaka uliofuata, biashara hiyo iliuzwa kwa tajiri Terah Hooley kwa pauni milioni 3, naye akaiuza kwa umma kwa pauni milioni 5. Jina la Dunlop lilibaki likiuza matairi, ilhali mwenye jina hakuwa tena miongoni mwa wanaopata utajiri huo.

Kuna hesabu nyingine katika historia hii ambayo Waafrika hawawezi kuiruka. Matairi yalihitaji mpira, na sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo.

Tangu mwaka 1885, nchi hiyo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baiskeli, na baadaye magari, zilipoongeza bei ya mpira, mawakala wake waliwalazimisha wanakijiji kuingia msituni kukusanya utomvu wa mipira ya mwituni. Walioshindwa kutimiza kiwango walipigwa, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa na watu walikatwa mikono.

Mpira uliosafirishwa kutoka Kongo uliongezeka kutoka takriban tani 100 mwaka 1890 hadi karibu tani 6,000 mwaka 1901. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyezaliwa Ayalandi, ilitolewa mwaka 1904 na kuyaweka mateso hayo wazi. Mwaka 1908, Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi hiyo.

Dunlop hakupanga maovu hayo wala hakuyaamuru. Lakini faraja iliyotokana na jaribio lake ilinunuliwa kwa miaka mingi kwa maumivu ya watu wasiowahi kupanda baiskeli. Kufikia mwaka 1914, mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umeupita ule wa mwituni sokoni, ingawa mashamba hayo nayo yalikuwa na machozi yake.

Mwenyewe aliishi Dublin maisha ya utulivu, akiwa na maslahi katika biashara ya nguo. Alifariki nyumbani kwake katika mtaa wa Ballsbridge Oktoba 23, 1921, akiwa na umri wa miaka 81, na kuzikwa katika makaburi ya Deans Grange. Kitabu alichoandika kuhusu historia ya tairi la upepo kilichapishwa baada ya kifo chake.

Ajabu ni kwamba somo lake lilianza kusahauliwa na wale wale waliofaidika nalo. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, matairi ya baiskeli za mbio yalizidi kuwa membamba na kujazwa upepo mwingi zaidi, kwa kuwa ugumu humpa mwendeshaji hisia ya kasi. Mtetemo mkononi ulichukuliwa kuwa dalili ya mbio, kumbe ulikuwa nguvu inayopotea.

Vipimo vilivyofanywa katika karne hii vimerejesha hoja ya uani Belfast, na mashindano ya barabara za changarawe yameithibitisha. Yale ya Emporia, jimbo la Kansas nchini Marekani, yalianza mwaka 2006. Nchini Kenya, mashindano ya Migration Gravel Race yalianza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara.

Mkenya aliyetangaza sana mchezo huo alikuwa Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, aliyefariki Agosti 27, 2022 kufuatia ajali katika mashindano ya aina hiyo huko Vermont, Marekani. Kifo chake kiliwakumbusha wengi kwamba changarawe haina huruma kwa anayekwenda kasi.

Kwa hiyo, anayechagua tairi la kwenda kasi katika ardhi kavu kama ya Banissa ana mambo manne ya kupima, na yote yanarudi kwa Dunlop.

La kwanza ni upana. Tairi la milimita 40 hadi 50 hulimeza jiwe ambalo lile la milimita 28 hulipanda. Baadhi ya washindani wa miaka ya karibuni wamefikia hata kutumia matairi ya baiskeli za milimani, ambayo ni mapana zaidi, na hawajaachwa nyuma.

La pili ni meno. Meno marefu yaliyoachana hufaa matopeni, kwani huchimba na kushika. Kwenye ardhi kavu iliyoshikana hayana cha kuchimba. Kila jino hupinda na kula nguvu. Panapokuwa pakavu, tairi lenye kati iliyo karibu kipara, au meno mafupi yaliyosongamana, huviringika vyema, huku meno machache ya pembeni yakisaidia kwenye kona zenye kokoto zilizolegea.

La tatu ni upepo. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 45 hahitaji kuzidisha pauni 30 hadi 40 kwa inchi ya mraba. Aliye mzito au aliyebeba mzigo huongeza. Aliye mwepesi hupunguza, ila asipunguze hadi rimu igonge mawe.

La nne ndilo gumu zaidi kaskazini mashariki, nalo ni mwiba. Tairi jepesi na jembamba wa mwili ndilo lenye mbio, lakini mgunga hulipenya kwa urahisi. Anayeishi mbali na duka na fundi hufanya busara kukubali uzito kidogo wa tairi lenye kinga, au kutumia tairi lisilo na tyubu lenye majimaji ya kuziba tundu papo hapo. Mbio zinazoishia kando ya njia, jua likiwaka na pampu ikiwa mbali, si mbio.

Wengi wa wanaosafiri Banissa hawana baiskeli za mashindano. Wanapanda pikipiki, malori na magari ya abiria, lakini vyote hivyo vinabebwa na upepo ule ule uliofungiwa ndani ya mpira.

Dunlop hakuvumbua gurudumu, wala hakuwa wa kwanza kulivisha upepo. Alichofanya ni kulijaribu wazo hilo mbele ya macho ya watu hadi waliocheka wakalinunua. Fedha nyingi zilikwenda kwa wengine na damu ya mpira ilimwagika mbali na macho yake. Kwake lilibaki jina, ambalo bado linasomeka ubavuni mwa matairi.